Kuuza Vitofali vya Kuchezea vya Mtumba kwa Njia ya Simu: Somo kutoka Kilakala



Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi anashika bidhaa, anaigeuza huku na huku, kisha anauliza bei. Lakini mnunuzi aliye mbali, anayetazama picha kwenye simu, hawezi kushika wala kugeuza chochote. Kwake yeye chema na kibaya vinafanana. Kinachomsaidia kutofautisha ni maneno ya muuzaji.

Katika somo hili tunapenda kuwashirikisha wasomaji yale ambayo sisi, kikundi cha akina mama tisa wa hapa Kilakala, Manispaa ya Morogoro, tumejifunza katika biashara ndogo ya vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto, vile ambavyo wengi huviita lego. Tunavinunua vikiwa vimetumika, tunavisafisha na kuviuza kwa njia ya simu. Somo hili linaweza kusomwa na mtu mmoja au kujadiliwa na kikundi. Mwishoni tumeweka maswali ya majadiliano.

Tulivyoanza, na tulipokosea

Wengi wetu tulikuwa tukiuza nguo za mtumba katika soko la Sabasaba. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari ya kwenda kununua mzigo Dar imekuwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Katika safari moja, wenzetu wawili walirudi na kiroba cha vifaa vya kuchezea watoto. Ndani yake kulikuwa na vigari, wanasesere wasio na nywele, na vitofali vingi vilivyochanganyika kama mchele na choroko. Chini kabisa tulikuta boksi moja lililobonyea lenye picha ya gari la zimamoto.

Tulifurahi. Tulikusanya vitofali vyekundu tulivyoviona, tukavitia ndani ya boksi, tukapiga picha na kuandika: "Seti kamili, hali nzuri." Hatukuhesabu. Tuliona boksi limejaa, tukaamini kwamba limetimia.

Mteja mmoja wa Dodoma alilipa siku hiyo hiyo. Baada ya siku tatu alitupigia simu. Hakutukana. Alisema, "Dada zangu, nilikuwa nimemwahidi mwanangu zawadi ya kufaulu. Tumekaa naye jioni nzima tukijenga. Gari halina magurudumu mawili wala ngazi. Sasa nimwambie nini?"

Kikundi kiligawanyika. Baadhi yetu tulisema kwamba mtumba ni bahati nasibu, na mali ikiuzwa hairudishwi. Wengine tuliona haya. Mama mmoja aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: "Angekuwa amesimama hapa mbele yetu, tungethubutu kumwambia ni kamili?" Tulimrudishia fedha zake zote pamoja na nauli ya mzigo. Faida yetu ya wiki sita ilikwisha hapo. Mfuko wa kikundi ulibaki mtupu, na mwenzetu mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kukopa kwa ajili ya ada ya mtoto ilibidi aombe muda shuleni.

Tangu hapo tulijiwekea kanuni moja: hatuandiki neno lolote ambalo hatujalihesabu. Mengine yote katika somo hili yanatokana na kanuni hiyo.

Ijue bidhaa yako

Muuzaji asiyejua anachouza hawezi kusema kweli hata akitaka. Kwa hiyo tulianza kwa kujifunza.

Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka 1932 na seremala aliyeitwa Ole Kirk Kristiansen katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Kitofali cha namna tunayoijua leo, chenye vinundu juu na mirija ndani, kiliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Tangu wakati huo vipimo havikubadilika. Kitofali cha mwaka 1958 bado kinashikana na kilichotengenezwa juzi, na ndiyo sababu bidhaa hii ina thamani hata ikiwa imetumika miaka mingi. Shati huchakaa, lakini kitofali kizuri huhama kutoka mtoto hadi mtoto.

Vitofali vikubwa vinavyoitwa DUPLO vilianza kuuzwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wadogo. Urefu, upana na kimo chake ni mara mbili ya vile vya kawaida.

Je, utatambuaje cha kampuni hiyo na kisicho chake? Tazama juu ya vinundu. Vitofali halisi vya LEGO huwa na jina hilo limechapwa kwa herufi ndogo juu ya kila kinundu. Ndani au chini ya vipande vingi mna namba ndogo ya aina ya kipande. Kwa mfano, kitofali cha vinundu nane, safu mbili za vinne, kina namba 3001.

Visivyo na jina hilo si lazima viwe haramu. Hataza ya mwaka 1958 ilikwisha muda wake zamani, na tarehe 14 Septemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la kitofali chenyewe haliwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Kampuni nyingine zinaruhusiwa kutengeneza vitofali vinavyoshikana na hivyo. Kosa ni kuvipa jina lisilo lake. Hapa nchini, Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kwa hiyo sisi tunatenga mafungu mawili. Lenye jina tunaliandika kwa jina, lisilo na jina tunaliandika "aina nyingine, vinashikana" na kuliuza kwa bei ya chini.

Kuchambua, kuosha na kuhesabu

Kazi hii tunaifanya mkekani, kwa hatua nne.

1. Kuchambua. Toa kwanza vilivyovunjika, vilivyong'atwa, vilivyopasuka na vilivyoyeyuka kwa moto. Kisha tenga vikubwa na vidogo, vyenye jina na visivyo na jina. Mwisho tenga vipande vya pekee: magurudumu, madirisha, milango na watu wadogo. Vipande hivi ndivyo vinavyotafutwa zaidi, na ndivyo vinavyopotea kwanza.

2. Kuosha. Tumia maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 za sentigredi, sabuni laini na mswaki wa zamani. Usichemshe. Plastiki ya vitofali hivi, iitwayo ABS na iliyoanza kutumika mwaka 1963, hupinda kwa joto kali. Suuza kwa maji safi. Vipande vyenye betri au nyaya visitiwe majini kabisa, vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

3. Kukausha. Tandaza kwenye kitambaa kivulini. Jua kali hugeuza vyeupe kuwa vya manjano. Hapa Kilakala, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Uluguru wakati wa masika, tunasubiri siku mbili au tatu. Kitofali kilichofungwa na maji ndani hunuka, na mteja hufungua mfuko kwa pua kabla ya macho.

4. Kuhesabu. Ukipata boksi au kijitabu cha maelekezo, tafuta namba ya seti iliyochapwa juu yake. Kwa namba hiyo, maelekezo ya seti nyingi hupatikana bure katika tovuti ya kampuni, na orodha za vipande hupatikana katika tovuti za wakusanyaji. Jenga seti yote kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Njia hii ni ndefu, lakini ndiyo ya hakika. Ikipungua kipande kimoja, andika kipande hicho. Ikipungua mingi, ivunje na uiuze kwa kilo.

Kuuza kwa kilo si aibu, bali ni njia ya uaminifu ya kuuza kisichotimia. Kitofali cha vinundu nane kina uzito wa takriban gramu 2.3, hivyo kilo moja ya aina hiyo ni zaidi ya vitofali 400. Mtoto hana haja ya gari la zimamoto lililo kwenye picha ili acheze. Wanahisabati wamehesabu kwamba vitofali sita tu vya vinundu nane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Kwa hiyo mfuko wa kilo moja usiitwe "seti isiyokamilika". Uite jina lake: vitofali mchanganyiko.

Mizani iwe ya haki. Amri ya kupima kwa haki imo katika Biblia na imo katika Qur'ani, na hapa mjini kwetu Wakristo na Waislamu tunauziana kila siku. Sisi tunapima vitofali vikiwa vikavu, bila mfuko, na tunapiga picha mzigo ukiwa juu ya mizani namba zikionekana.

Usalama wa watoto kwanza

Kuna mambo mawili ambayo hatukuyajua mwanzoni.

La kwanza ni kukabwa. Kipande kidogo kinaweza kuziba koo la mtoto. Wakaguzi wa vifaa vya watoto hutumia kikopo chenye kipenyo cha takriban milimita 32: kipande kinachoingia chote hakifai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Nyumbani, tumia kigogo cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana kidogo zaidi. Kinachopita humo kiweke mbali na watoto wadogo. Vitofali vya kawaida vinapita. Kwa hiyo kila tangazo letu la vitofali vidogo lina maneno haya: "Havifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu." Mteja akisema mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu, tunamwonyesha vile vikubwa, au tunakosa biashara.

La pili ni rangi za zamani. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alichapisha matokeo ya kupima vifaa 200 vya plastiki vya kuchezea vilivyotumika. Alikuta madini yenye madhara kama kadimiamu na risasi katika vingi, hasa vya rangi nyekundu, manjano na nyeusi. Miongoni mwake vilikuwamo vitofali vya miaka ya 1970 na 1980. Hatuna mashine ya kupimia. Tunachofanya ni kutouza kwa ajili ya watoto wanaotia vitu mdomoni vile vinavyoonekana ni vya zamani sana, vyenye rangi inayobanduka au plastiki inayomeguka.

Kupanga bei: hesabu ambayo wengi tunaikosea

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia, si bei za soko.

Umenunua kiroba cha kilo 12 kwa shilingi 60,000. Wengi wetu tungesema kila kilo imegharimu shilingi 5,000. Tukiuza kwa 7,000, tumepata faida ya 2,000. Je, ni kweli?

Baada ya kuchambua, kilo 2 ni takataka. Zimebaki kilo 10 za kuuza. Gharama nyingine ni hizi: sabuni 3,000, bando la intaneti 5,000, mifuko 4,000, na nauli ya kubebea mzigo 6,000. Jumla ni 18,000. Ukijumlisha na bei ya kununulia unapata 78,000. Gawanya kwa kilo 10. Kila kilo imegharimu shilingi 7,800.

Aliyeuza kwa 7,000 amepata hasara ya 800 kwa kila kilo, naye alikuwa anashangilia.

Sasa tuseme unauza kilo moja kwa 12,000. Mapato ni 120,000. Ukitoa 78,000 inabaki 42,000. Tenga asilimia kumi ya mapato, yaani 12,000, kwa ajili ya mteja atakayerudisha mzigo. Inabaki 30,000. Kama watu watatu wamefanya kazi siku mbili kila mmoja, hizo ni siku sita za kazi, na kila siku imelipwa 5,000. Kikundi kijiulize: je, fedha hiyo inatosha, au tungepata zaidi kwa kazi nyingine? Hesabu ya namna hii haivunji moyo. Inawaokoa wanakikundi wasikope fedha ili kuendesha hasara.

Kuandika tangazo

Tangazo zuri hujibu maswali kabla hayajaulizwa. Piga picha mchana karibu na dirisha, juu ya shuka jeupe. Weka sarafu ya shilingi 200 kando ili ukubwa uonekane. Piga picha ya mzigo wote, kisha picha ya kasoro. Ndiyo, picha ya kasoro. Tumeona kwamba mteja akiona tumeonyesha ubovu mwenyewe, huamini zaidi yale mazuri tuliyoandika.

Usitumie picha uliyoichukua kwa muuzaji mwingine. Usiweke sura ya mtoto akicheza bila ridhaa ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu, na heshima ya mtoto inatangulia sheria.

Hili hapa ni tangazo letu la kawaida:

"Vitofali mchanganyiko vya LEGO, vimetumika. Kilo moja kavu, picha ya mizani ipo. Vimeoshwa kwa sabuni. Kuna magurudumu manne na dirisha moja. Hakuna maelekezo wala boksi. Baadhi ya vyeupe vimegeuka manjano, tazama picha ya tatu. Havifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Tupo Kilakala, Morogoro. Nauli ya mzigo analipa mnunuzi. Ukikuta tofauti na maelezo haya, tujulishe ndani ya siku tatu, tunarudisha fedha."

Linganisheni tangazo hili na lile la kwanza la maneno manne: "Seti kamili, hali nzuri." Lile lilikuwa tamu zaidi, na ndilo lililotugharimu.

Wapi pa kuuzia

Wauzaji wadogo wengi hutumia makundi na hali za WhatsApp, kurasa za Instagram na Facebook, na tovuti za matangazo. Kila njia ina faida yake. WhatsApp ni ya watu wanaokufahamu au waliotumwa na wanaokufahamu. Instagram inaonekana na wengi lakini inakula bando. Tovuti za matangazo huleta wageni kutoka mikoa mingine, wakiwamo matapeli.

Neno letu la tahadhari ni hili: usijenge nyumba yako yote kwenye kiwanja cha mtu. Wengi walizoea kuuza kupitia OLX, na mwaka 2019 huduma hiyo ya Tanzania ikanunuliwa na Jiji. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Jumia ilifunga shughuli zake hapa nchini. Ukurasa pia unaweza kuibiwa au kufungwa usiku mmoja. Kwa hiyo tuna daftari la kawaida la shule. Humo tunaandika tarehe, alichonunua mteja, kiasi alicholipa, na kama aliridhika. Simu ikipotea, biashara haipotei. Daftari hilo linafungiwa kabatini, kwa sababu namba za wateja si za kugawa.

Malipo na kutuma mzigo

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo malipo ya simu ya mitandao yote yamekuwa mkono wa kulia wa biashara ndogo. Lakini mkono huo unaweza kukatwa. Tunazingatia haya:

- Hatutoi mzigo kwa kuona ujumbe wa mnunuzi. Tunaangalia salio letu wenyewe. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa.
- Mtu akisema ametuma fedha nyingi kwa makosa na anaomba turudishe haraka, tunamwelekeza kwa kampuni yake ya simu.
- Hatumpi mtu yeyote namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa mtandao.
- Ujumbe wa kitapeli tunauripoti kwa namba 15040.
- Tunakubaliana mapema nani analipa "ya kutolea", ili isiwe chanzo cha ugomvi.
- Watu wawili wa kikundi hushuhudia kila fedha inapotolewa, na mtunza daftari si mtunza simu.

Mzigo wa mikoani tunaupeleka stendi ya Msamvu. Tunauhesabu tena kabla ya kufunga, tunapiga picha ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, kisha tunakata risiti na kumtumia mteja picha ya risiti hiyo. Vitofali vitiwe kwenye mfuko wa ndani uliofungwa vizuri, halafu kwenye boksi. Mfuko mmoja ukipasuka njiani, huwezi kujua kama kipande kilipotea kwako au garini.

Vipi kuhusu soko la nje?

Baadhi ya vijana wetu wamesoma kwamba vitofali hivi ni dhahabu. Ni kweli kwamba kuna soko kubwa duniani. Tovuti ya BrickLink, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kuuziana vitofali, ilinunuliwa na kampuni ya LEGO yenyewe mwaka 2019. Ni kweli pia kwamba watafiti wa Urusi walipochunguza bei za zaidi ya seti 2,000 za kati ya mwaka 1987 na 2015, walikuta zimepanda kwa wastani wa asilimia 11 kwa mwaka.

Lakini soma vizuri. Seti hizo zilikuwa mpya, kwenye maboksi ambayo hayajafunguliwa, na zimeacha kutengenezwa. Mzigo wetu umekwisha kuchezewa na kuvuka bahari. Kuurudisha Ulaya kwa gharama ya posta ni sawa na kupeleka ndizi Uluguru. Huenda kipande kimoja adimu kikastahili safari hiyo. Kwa kilo za kawaida, mnunuzi wetu yuko Morogoro, Dodoma, Iringa na Dar es Salaam. Ni mzazi au mwalimu wa chekechea asiyemudu bei ya dukani. Tumtafute huyo.

Mteja akilalamika

Lalamiko linauma, lakini ni taarifa ya bure kuhusu kasoro ya kazi yetu. Utaratibu wetu ni huu. Kwanza, msikilize mteja mpaka amalize. Pili, omba picha. Tatu, linganisha na picha na daftari lako. Nne, kama kosa ni letu, tunakiri, tunarudisha fedha au kutuma kipande kilichopungua, bila kumhesabia nauli. Kama si letu, tunaeleza kwa upole na kumwonyesha ushahidi. Tano, tunaandika kosa hilo na kuamua tutafanya nini lisirudie.

Yule mama wa Dodoma hatukumsahau. Miezi minne baadaye, tukichambua kiroba kingine, tulipata magurudumu mawili ya saizi ile. Ngazi hatukuipata. Yeye alikuwa bado analo lile gari, kwa sababu tulipomrudishia fedha hatukumdai mzigo. Tulimtumia magurudumu kwenye bahasha, bila malipo, na tukamwandikia kwamba ngazi haikupatikana. Alijibu kwamba mtoto ameshatengeneza ngazi yake mwenyewe kwa vitofali vya kijani. Baadaye aliagiza kilo mbili, na mwalimu anayefahamiana naye akaagiza tatu. Hatusemi kwamba kila fedha unayorudisha itarudi. Wapo tuliowarudishia ambao hatukuwasikia tena. Tunasema tu kwamba siku hizi tunapokea simu za wateja bila hofu.

Vipande visivyouzika lakini ni salama, kama vitofali vilivyokwaruzwa au rangi zisizolingana, tunavikusanya kwenye ndoo na kuvipeleka chekechea ya jirani kwa ajili ya watoto wakubwa kidogo. Wanajifunzia kuhesabu, kujumlisha na kutenga rangi. Vilivyopasuka na kuwa na ncha kali hatuvigawi kwa mtu. Kisichofaa kuuzwa kwa sababu ya hatari hakifai kutolewa sadaka.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, kuna neno katika matangazo yetu ambalo hatujalihesabu au kulipima? Lisomeni kwa sauti.
2. Tafuteni gharama halisi ya kilo moja au kipande kimoja cha bidhaa yenu, mkijumlisha takataka, bando na nauli. Je, bei yenu inaleta faida kweli?
3. Tumetenga kiasi gani kwa ajili ya mteja atakayerudisha mzigo? Kama hatujatenga, fedha hiyo itatoka mfuko wa nani?
4. Simu ya kikundi ikipotea leo, tutawapataje wateja wetu kesho?
5. Mteja angekuwa amesimama mbele yetu, ni maneno gani tungeyabadilisha?

Swali la tano ndilo tunaloanza nalo kila Jumamosi tunapokutana. Kabla ya tangazo kutumwa, mmoja wetu huketi upande wa pili wa mkeka akawa mnunuzi. Tunamsomea. Akiuliza swali ambalo tangazo halikulijibu, tunarudi kuandika upya.

Tunawatakia kazi njema.